Kupungua kwa Mama Mashine

Watu wa mtaa wetu wakimtaja Mama Mashine huanza na sauti yake. Ilimbidi aishinde mashine ya kusaga kwa kelele, kwa hiyo hata kanisani alikuwa akikusalimia kama anayemwita mtu wa ng'ambo ya barabara. Mashine bado inanguruma hapa Tunduma, ila siku hizi sauti nyingine ndiyo inayopokea wateja. Mimi ninapomkumbuka huanza na kiuno. Mimi ni mshonaji, kibanda changu kimepakana na mashine yake ukuta kwa ukuta, na kiuno kile nimekipima mara nyingi kuliko changu mwenyewe. Nilikiona kikiingia na kutoka. Kila kilipoingia tulishangilia, na kila kilipotoka kilipita pale kilipokuwa mwanzo, nami nikawa naogopa kumwambia.

Nisieleweke vibaya, hakuwa kichekesho. Alikuwa mjane aliyeachiwa mashine mbovu, akaifufua hadi ikawa ndiyo inayosagia karibu mtaa wote. Alijua mahindi yamekauka au bado kwa kuyashika tu kiganjani. Wazambia wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, walimheshimu, na wakulima wa Isansa walimheshimu pia, ingawa waliinung'unikia mizani yake. Katika kila harusi ya usharika wetu yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya chakula. Sijawahi kusikia mtu ametoka kwenye harusi aliyoisimamia akilalamika kwamba nyama haikumfikia. Alikuwa anapita meza kwa meza, mkono mmoja kiunoni, na ole wako ukutwe na sahani tupu.

Kilichomtisha maishani kilikuwa kimoja. Dada yake mkubwa, aliyeolewa Mbebe huko milimani Ileje, aliugua kisukari akakipuuza, akakatwa mguu chini ya goti. Mama Mashine alikwenda kumuuguza. Alikaa naye, akamwogesha, akamzoesha kutembelea magongo, na aliporudi Tunduma alipitiliza moja kwa moja kupima. Akakutwa na yeye anayo sukari. Daktari akampa vidonge na kumwambia uzito nao upungue. Jioni ile alikuja kibandani, akakaa kwenye kiti cha wateja bila hata salamu.

"Fundi," akasema, "mimi mguu wangu nitazikwa nao."

Nikamjibu kwamba atazikwa nao, Mungu akipenda, ila siyo wiki hii. Hakucheka.

"Nipime," akasema. "Nipime vizuri, halafu kuanzia Jumatatu utaona."

Jumatatu za Mama Mashine zilikuwa nyingi, na sikumbuki tena ipi ilitangulia ipi. Kulikuwa na Jumatatu ya maji ya moto na ndimu. Kulikuwa na ya kabichi iliyochemshwa bila chumvi, na ya mayai na parachichi tu. Kulikuwa na ya tangawizi na kitunguu saumu vilivyopondwa pamoja, hadi wateja wangu wakawa wananiuliza kuna nini kimeoza. Kulikuwa na mlo mmoja kwa siku, na kulikuwa na unga wa kijani wa kwenye kopo aliouziwa na mwanamke mmoja mwembamba, mwenye maneno mengi, ambaye hatukumwona tena. Zote zilikuwa na sharti moja lisilovunjwa: ugali marufuku. Mama Mashine alishinda kutwa amejaa sembe, kuanzia kope hadi kandambili, na alikuwa ameshaamua kwamba adui yake ni ugali.

Na zilikuwa zinafanya kazi, tusidanganyane. Wiki za mwanzo alipungua kweli. Alikuwa anapanda kwenye ile mizani ya magunia, katikati ya wateja wenye ndoo zao, na kumwita mwendesha mashine aje asome, tena asome kwa sauti. Watu walipiga makofi. Mimi nikipitisha futi kiunoni nilikuta kweli, gauni linacheza. Akanishika mkono akasema, "Umeona?" Nilikuwa nimeona. Yaliyokuwa yananitia hofu ni mambo mengine, ambayo hayakusomeka kwenye mizani.

Kwanza, baridi. Akijinyima alikuwa anasikia baridi hata mchana wa jua kali, wakati sisi wengine tumeshavua masweta. Alikuwa anakuja kibandani amejifunga khanga juu ya khanga, vidole vimekuwa kama vya mtu aliyetoka kufua mtoni, na anaanza kunieleza habari za chakula. Hakuwa na habari nyingine. Angeeleza kande za mama yake, namna maharage yanavyotakiwa yapasuke kidogo tu yasivurugike, namna nyanya inavyoungwa pembeni na kumiminwa mwishoni. Alieleza taratibu, macho yakiwa mbali, na nilikuwa siyapendi macho yale. Mara nyingine alikuja wakati nakula. Nilimkaribisha, akakataa, lakini hakuondoka.

"Kula tu, mwanangu," alikuwa anasema. "Mimi acha nikuangalie."

Basi nikawa nakula chapati yangu mbele yake kama mwizi, na haikushuka.

Halafu hasira. Mama Mashine aliyeshiba alikuwa na moyo mpana. Angemsagia mjane mwenzake asiye na hela akamwambia nenda, tutaonana. Mama Mashine wa Jumatatu alikuwa anaweza kumfukuza mtu kazi kwa sababu ya ufagio. Mwendesha mashine wake, mzee mmoja wa Isansa aliyefanya kazi pale tangu enzi za marehemu mume, alifukuzwa mara nyingi kiasi kwamba alikuwa haondoki tena. Anahamia kwenye benchi la nje ya kibanda changu na kusubiri.

"Hajanifukuza yeye, binti," aliniambia siku moja akijipangusa unga masikioni. "Imenifukuza njaa. Ikishalishwa itaniita."

Na kweli, kabla ya saa kumi aliitwa. Alimkuta bosi wake amekaa, anatafuna hindi la kuchoma, na amekuwa mpole kama mgeni.

Alikuwa na sheria yake nyingine, kwamba kinacholiwa umesimama hakihesabiwi. Tulimtania kwa sheria hiyo, na yeye mwenyewe aliitania. Sikucheka tena baada ya siku niliyokwenda kuazima kiberiti nikamkuta nyuma ya magunia ya pumba. Alikuwa amenipa mgongo. Mbele yake kulikuwa na sufuria la ugali wa wafanyakazi, kiporo, umeshakauka, hauna hata mboga, naye alikuwa anaumega na kumeza, tonge linafuata tonge, bila kutafuna, bila kupumzika. Hakuwa anafurahia. Nimewaona watu wakila kwa uroho na nimewaona wakila kwa njaa, ila pale niliona kitu kingine kabisa, kama mtu anayetekeleza amri ya mwingine. Nilirudi kinyumenyume hadi kibandani, kiberiti sikukiazima.

Asubuhi moja ilitaka kuwa mbaya zaidi ya zote. Alikuwa amemeza vidonge vyake vya sukari kama kawaida, lakini hakuwa ametia kitu tumboni tangu jana yake mchana. Nilikuwa nje napiga pasi. Nilimwona akisimama karibu na mkanda wa mashine, mkanda unakwenda kasi, naye anayumba. Alikuwa anatabasamu, jasho linamtiririka, na midomo inatetemeka. Yule mzee wa Isansa alimrukia, akamvuta kwa nguvu wakaangukia wote kwenye magunia. Halafu akachota sukari ya chai yake mwenyewe akamtia mdomoni kwa kidole kama mtoto. Mama Mashine alipopata fahamu kitu cha kwanza alichofanya ni kumpiga kofi.

"Umeniharibia siku yangu," alimwambia, na akaanza kulia.

Tukio lile ndilo lililonifanya nimsindikize kliniki. Muuguzi wa pale alikuwa mama wa makamo, Mnyiha, sauti ndogo, hana haraka. Alimuuliza asubuhi anakula nini.

"Maji," akasema Mama Mashine.

"Na mchana?"

"Mchana namshukuru Mungu."

Mimi nilicheka. Muuguzi hakucheka. Aliweka kalamu chini akamuuliza, "Mama, wewe si una mashine? Ukiipa dizeli kidogo inafanyaje?"

"Inazunguka polepole. Haisagi kitu."

"Basi na mwili ni hivyo hivyo, mama. Wenyewe haujui kama unajinyima kwa kupenda. Unajua nchi imeingia njaa. Unapunguza matumizi, unasikia baridi, unachoka. Unajila mpaka nyama za mapaja. Halafu unakuzidishia hamu, ili siku ukikutana na chakula ukile chote, kingine uweke akiba ya njaa ijayo. Siyo kwamba wewe huna msimamo. Hakuna msimamo unaoshindana na mwili ulioogopa. Ndiyo maana uzito kila ukirudi unarudi na zaidi, na nguvu zile za mwanzo hazirudi."

Mama Mashine alikivuta kiti chake karibu na meza.

"Sasa nifanyeje?"

"Ugali kula. Matonge yawe machache, mboga na maharage yajae sahani. Tembea. Dawa usiache, na usizimeze na njaa. Upungue kidogo kidogo, kwa namna utakayoiweza hata mwaka kesho."

Tulipotoka nje alitembea mbele yangu. Tulipofika barabara kubwa, malori yamepanga foleni ya kuingia Zambia, aligeuka.

"Kidogo kidogo," akasema. "Dada yangu alipewa nafasi ya kidogo kidogo?"

Nataka ijulikane kwamba alijaribu. Watu humsema kana kwamba hakusikia la mtu, lakini alijaribu njia ya yule muuguzi, akala ugali wake mezani, amekaa, na maharage, akawa anatembea hadi sokoni na kurudi. Katika siku hizo hakumfukuza mtu. Hata utani wake ulirudi. Alinikodolea macho akaniuliza mume wangu ananilisha nini mbona sishikiki. Sukari ilitulia. Ila futi halikusogea upesi, na mizani nayo haikuwa na jipya la kusoma kwa sauti. Hakuna aliyepiga makofi. Alikuwa amezoea kuona dalili, na uponyaji usioonekana hakuuamini. Siku moja nikamwona anaminya ndimu kwenye kikombe, nikajua tumerudi kulekule.

Na sisi wengine tulimsaidia kushindwa. Hili linaniuma hadi leo. Huu ni mji wa malori na nyumba za wageni, na hapa mtu akikonda watu hawaulizi amekula nini, wanauliza amelala na nani. Mara ya tatu au ya nne alipopungua sana, mashavu yakabonyea, minong'ono ilivuka mpaka ikarudi. Mteja wake mmoja wa Nakonde, mama mwenye biashara ya samaki wakavu, alimtazama akaweka ndoo chini taratibu.

"Bamayo, mwaonda," alimwambia kwa Kibemba chake, maana yake mama, umekonda. Halafu akaongeza kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini, "Pole sana. Siku hizi dawa zipo."

Wiki ileile akina mama wa kanisani walikuja nyumbani kwake, wamevaa vitenge vya sare, wakiimba. Nilikuwepo. Waliomba, wakamwekea mikono kichwani, wakamkemea shetani wa magonjwa ya siri bila kulitaja jina. Kisha wakafunua mabeseni. Uji wa ulezi ulioungwa karanga, kuku wa kienyeji, ndizi, viazi, na ugali mkubwa uliofunikwa kwa bakuli. Ungemfukuza nani? Kukataa chakula cha watu waliokuja kukuona ni kuwatukana, na kukataa siku ile kungekuwa kukiri kwamba kweli u mgonjwa. Mama Mashine alikula mbele yao. Walimhesabia matonge kwa macho. Kila alipopumzika kuna aliyesema, "Jikaze, mama," na yeye akajikaza. Tangu siku hiyo walikuja tena na tena, na yeye naye, akiwa ameshafunguliwa mlango, hakuweza kuufunga. Kabla ya Pasaka alikuwa ameshapita pale alipoanzia. Nilipanua magauni yote niliyokuwa nimeyabana.

"Sasa umerudi," walimwambia akina mama walewale wakimpigapiga mgongoni. "Sasa umekuwa mtu."

Na haohao, kwenye harusi, ndio waliokuwa wakiulizana pembeni kama kiti chake kitahimili. Niliwachukia siku ile, na sijamaliza kuwachukia.

Kuna siku nilimuuliza kwa nini asiache tu, awe alivyo, ale kwa amani. Alikuwa amekaa mlangoni kwangu, miguu ameinyoosha juani, anaitazama. Alikuwa na tabia hiyo, ya kuitazama miguu yake kama mtu anayechunga mbuzi wawili.

"Ukiwa mnene watu wanajua kosa ni lako," akasema. "Hata dada yangu, mguu ulipokatwa, watu walisema alikula sana. Hawakumpa pole. Walimpa mawaidha."

Mara ya mwisho aliyokuja kupimwa ilikuwa kwa ajili ya harusi. Binti wa yule dada yake alikuwa anaolewa, sherehe inafanyika hapahapa Tunduma, na kitenge cha sare kilishachaguliwa. Nilikuwa sijamwona wiki kadhaa. Nilikuwa kwetu kumuuguza baba. Aliingia nikamwamkia kama mteja mgeni, halafu sauti ikanijulisha.

"Shikamoo, mama," nikarudia. "Jamani, umepungua."

"Marahaba. Na safari hii sikujinyima kitu," akasema. Uso wake ulikuwa unang'aa kwa furaha, na ngozi ya shingo ilikuwa inaning'inia. "Nakula ninachotaka, fundi. Ugali, chapati, soda. Na bado napungua. Mwili wenyewe unayeyuka."

"Umefanyaje?"

"Kuna dada mmoja kwenye kundi letu la simu, la kupunguza uzito, anasema vile vidonge vya hospitali ndivyo vinavyonenepesha. Nikaviacha. Na tazama." Akajizungusha. "Kinachonisumbua ni kiu tu. Nakunywa maji mpaka naona haya, na usiku siishi kutoka nje."

Aliomba maji, nikampa, akamaliza jagi. Hapo nikakumbuka kliniki. Siku tuliyokwenda kliniki tulikaa sana kwenye foleni, na nilimsikia yule muuguzi akimuuliza kila mgonjwa mpya maswali yaleyale: unasikia kiu sana? Unapungua bila sababu? Akijibiwa ndiyo, alikuwa haendelei kuuliza, anasimama kumwita daktari.

"Mama," nikasema, "huko siyo kupungua kuzuri. Hiyo ni sukari imepanda."

"Na wewe umeanza kama wao," akasema, lakini kwa upole. "Nipime kwanza."

Alivua kandambili pale mlangoni, akavuka kibanda hadi kwenye kioo, akapanda kwenye kigoda ninachowasimamishia wateja. Nilipiga magoti nianze na pindo. Hapo nikaona alama nyekundu juu ya kigoda, kubwa kama kifungo, na nyingine sakafuni, na nyingine nyuma yake, zimetoka mlangoni hadi pale.

"Mama, inua mguu wa kulia."

Akainua, huku anajitazama kwenye kioo. Pini yangu ya kubania vitambaa ilikuwa imezama kwenye unyayo wake, imebaki kichwa tu. Alikuwa ameikanyaga mlangoni na kutembea nayo.

"Haikuumi?"

"Nini?"

Niliichomoa. Hakushtuka, hakuuvuta mguu. Nikamwonyesha. Akaichukua, akaigeuzageuza kwenye mwanga, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu alizungumza kwa sauti ya chini.

"Imeingia saa ngapi?" aliniuliza.

Nilimwambia twende hospitali. Nilimwambia sasa hivi, nafunga kibanda, natafuta bajaji. Nilimtaja dada yake. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Baada ya harusi," akasema.

"Mama, sasa hivi. Nakuomba."

"Fundi. Mwili huu nimeusubiri miaka yote hiyo. Niache kwanza nikauonyeshe."

Akanirudishia pini, akageukia kioo, akaushika ule mkunjo wa gauni kiunoni uliokuwa umezidi, akatabasamu. Mimi nilibaki chini sakafuni. Mguu wake wa kulia nilikuwa nimeushika kwa mikono yangu miwili, nimeubana kwa nguvu zangu zote, naye hakujua kama nimeushika.